Perege wa Baharini

Wenzangu tuliopunguzwa kazi pamoja walifungua vioski, wakauza mitumba, mmoja akafuga kuku wa kisasa kule Kizota. Mimi nilinunua madaftari ya shule nikakaa kibarazani kuandika riwaya za mapenzi. Elimu yangu ni kidato cha nne. Kupenda nimependa mara moja tu, na huyo niliyempenda nilimwoa, kwa hiyo hata utafiti sikuwa nao.

Mke wangu alikuwa mpiga chapa ofisi moja ya serikali hapa Dodoma. Asubuhi yeye hutoka na mkoba, mimi nabaki na sufuria. Majirani wakipita walinichokoza: "Shikamoo mama mwenye nyumba!" Nami huitikia, "Marahaba mwanangu, wasalimie nyumbani."

Safari sizipendi. Riwaya yangu ilihusu msichana wa kijiji cha Busi aliyempenda mvuvi wa bwawa la Mtera, na kote huko sijakanyaga. Habari za bwawa nilizipata kwa mama mmoja aliyeleta beseni la samaki wakavu, perege wa bwawani, kila Alhamisi. Alikuwa akimwita mke wangu dada, hivyo mimi nikawa shemeji. Nampa maji ya kunywa, namsomea sura moja. Yeye ananieleza nyavu zinavyotegwa, na mitumbwi inavyopenya katikati ya miti mikavu iliyosimama majini tangu bwawa lilipojaa. Kipimo changu kilikuwa inzi. Akiendelea kuwapunga, sura ni mbovu, nairudia. Akisahau kuwapunga, sura imeiva.

Baada ya kukataliwa mara tatu, nikapata barua kutoka kwa mchapishaji wa Dar es Salaam. Hadithi wameipenda, ila mapenzi ya vumbini na samaki wa bwawani hayatauzika. Niihamishie ufukweni, watachapa.

"Si maji tu?" mke wangu akasema. "Wape bahari yao, baba watoto. Nimechoka kuulizwa ofisini kama umepata kazi."

Hilo liliniuma, kwa sababu alinitetea miaka yote bila kulalamika. Nikaihamisha kwa wiki moja. Bahari sijawahi kuiona, basi kila palipokuwa na bwawa nikakata, nikaandika bahari.

Alhamisi nikasoma. Kijana wangu mvuvi akavuta nyavu kutoka Bahari ya Hindi, zimejaa perege.

"Ngoja," mama wa samaki akasema. "Perege baharini? Walipanda basi gani, shemeji?"

"Ni hadithi tu."

"Na ile miti iko wapi? Yule kijana wangu alikuwa anainama asichanwe uso. Huyu amesimama anatazama maji kama mgeni wa serikali."

"Wewe unajua nini habari za vitabu?"

"Vitabu sijui. Yule kijana namjua." Akajitwika beseni. Ndipo nikakumbuka kwamba muda wote ule mkono wake haukuacha kupunga inzi.

Mke wangu aliporudi jioni alinikuta nachana kurasa za bahari. Akaketi bila kuvua viatu.

"Hawatachapa," akasema.

"Wasichape."

"Na ofisini niseme nini?"

"Sema mumeo anaandika. Wakiuliza analipwa lini, waambie waje waniulize mimi, niko nyumbani kila siku."

Hakucheka. Ila alikwenda kuazima mashine ya chapa, akaniambia nimtamkie jibu. Nikamtamkia: wahusika wangu bahari hawaijui, mimi pia siijui, na hatuna mpango wa kuhama. Akapiga chapa mpaka chini, akasimamisha vidole.

"Wako mtiifu?"

"Usiweke."

Hapo ndipo alipocheka.

Mchapishaji hakujibu. Riwaya ilichapwa Kizota, na fundi aliyezoea kadi za michango ya harusi. Karatasi ngumu aliyokuwa nayo ilikuwa mabaki ya kadi, ya rangi ya waridi, imeshachapwa pete mbili. Kwa hiyo jalada langu lina pete, na ndani ya kitabu hakuna anayeoa hata mmoja. Wasomaji wengine walinilaumu kwamba nimewadanganya. Niliwaambia wasome tena, labda ndoa wameiruka.

Mama wa samaki alibeba vitabu kwenye beseni lake hadi Mtera. Mke wangu alivibeba kwenye mkoba hadi ofisini, akawauzia walewale waliokuwa wakimuuliza. Karani mmoja alimrudishia nakala yake akisema inanuka samaki.

"Ndiyo," mke wangu akamjibu, "wa bwawani."

Siku hizi watoto wangu wanaishi Dar es Salaam na kila likizo wananiita nikaone bahari. Nawaambia nimebanwa, niko katikati ya sura.