Kizunguzungu cha Shangazi

Shangazi yangu alikuwa na wivu, na sitamsitiri, maana hata mwenyewe hakujisumbua kuuficha. Aliyemwonea wivu ni mama yangu, wifi yake. Baba alipomwoa mama, shangazi ndiye aliyemtafutia kazi pale kwa dobi mkubwa alikofanya kazi yeye, kwenye chumba cha nyuma wanakosugua madoa kwa dawa kabla nguo hazijaingia mashineni. Alimfundisha kutofautisha doa la mafuta na doa la jasho. Haikupita muda mwanafunzi akampita mwalimu.

Tatizo lilikuwa harufu ya ile dawa. Shangazi akiivuta kidogo, kichwa kinazunguka, miguu inalegea, anacheka ovyo kama mlevi. Mle ndani walikuwa na mtindo wao: anayezidiwa anaweka brashi chini, anatoka mlango wa uani kupunga upepo, na wenzake wanampigia makofi. Shangazi alipigiwa makofi kila siku. Mama hakutoka hata mara moja. Alisugua makoti kutwa nzima huku akiimba, tena kwa sauti.

Kwa hiyo kiti cha msimamizi kilipobaki wazi, meneja alimpa mama.

"Kikulacho ki nguoni mwako," shangazi alimwambia baba jioni ile, amesimama mlangoni petu, hataki kukaa. "Nimemleta mwenyewe, leo ananiamuru nisugue kola."

"Kwani kosa langu, wifi?" mama alijibu kutoka jikoni. "Wewe ukinusa kizibo tu, umelewa."

Roho ilimuuma shangazi mpaka akakonda. Siku moja alijikaza asitoke nje, akaanguka juu ya rundo la mashuka. Waliokuwepo walicheka, na mama alicheka kuwazidi wote.

Kisha mama akaanza kukataa chakula. Ngozi ikamwasha, macho yakawa ya manjano. Shangazi, kwa kinyongo chake chote, ndiye aliyemshika mkono kumpeleka hospitali, na daktari aliposikia wanafanya kazi chumba kimoja, akawapima wote wawili. Ini la shangazi lilikuwa zima. La mama lilikuwa limeharibika vibaya.

"Haiwezekani," shangazi alisema. "Huyu dawa haimgusi. Mimi ndiye inayeniangusha."

"Ini lako linaivunja polepole," daktari akamjibu. "Inabaki kwenye damu, inapanda kichwani, unatoka nje, unaipumua inaondoka. La wifi yako linaivunja haraka, ndiyo maana hasikii kitu. Lakini ikishavunjwa inageuka sumu kali kuliko ilivyoingia, na sumu hiyo inalichoma ini lenyewe. Naye hakuwahi kutoka."

Mama alikatazwa kurudi kazini. Shangazi alikuja kumwona, safari hii akakaa, pembeni mwa kitanda.

"Kiti wamenipa mimi," alisema. "Nimewaambia sikikalii mpaka watoboe ukuta waweke mafeni."

Nilimtazama mama. Uso wake niliujua vizuri. Nilikuwa nimeuona miaka yote, ila kwa shangazi.

"Mimi sikionei wivu kiti, wifi," mama alisema. "Nakuonea wivu kizunguzungu."