Msomaji wa Mwalimu

"Mtaa huu hafi mtu kabla hajasoma kitabu changu!" Mwalimu mstaafu alitamba hivyo mkutanoni, na kweli, kila Jumapili huwafundisha watu wazima kusoma, bure, ndani ya ghala la kuazima. Chaki hununua mwenyewe. Akikosea hufuta kwa kiganja, kiganja nacho hukifuta kwenye suruali, hivyo akitoka utadhani kaangukia gunia la unga. Juzi alikifungua kitabu chake cha kumbukumbu za ualimu popote tu, akampa muuza nyanya, mwanafunzi wake hodari, asome kwa sauti. Mama wa watu akafuata mstari kwa kidole: "Nyuma... alikaa binti mwenye kovu shavuni... kichwa kigumu kama jiwe. Nilimfukuza... nikamwambia akauze nyanya." Kidole kikasimama. Akaligusa shavu lake lenye kovu. Darasa zima tukamkodolea macho Mwalimu, hata mimi mwenye domo la kasuku.

"Mwalimu, si ungenifichia hata hilo kovu?"

Mwalimu akageuka, akaanza kufuta ubao usio na kitu.

"Lakini nimesoma vizuri?"

"Vizuri sana, mama."

"Basi niuzie. Bei gani?"

"Elfu sita," Mwalimu akauambia ubao.