Diski ya Bwana Subiri

Karani wa kadi katika zahanati ile alikuwa na jina lake la kuzaliwa, lakini lilibaki kwenye hati ya mshahara tu. Watu walimwita Bwana Subiri. Hakulitafuta jina hilo. Lilimpata pale dirishani, katika mwaka mmoja na ushei ambao kompyuta yake iligeuka kobe, naye akawa hana neno jingine la kuwapa watu: "Subiri kidogo, mama. Subiri ndugu yangu, inafunguka."

Wapi! Mgonjwa alitaja namba yake, karani akaiandika, kisha wote wawili wakakodolea macho kile kiduara kinachozunguka kwenye kioo. Mwenye homa akazidiwa. Mwenye mtoto akamhamishia bega la pili. Karani hakupenda kumwona mtu amesimama bure, kwa hiyo aliujaza muda huo kwa maneno: mzee kule nyumbani anaendeleaje, yule pacha mdogo keshaanza kusema, lile paa mlishaliziba? Alikuwa na kumbukumbu ya watu isiyofikiwa na mashine yoyote, na dirisha lile alilipenda, tuseme tu, karibu sawa na nyumba yake mwenyewe.

Lakini foleni ni foleni. Ilitoka mlangoni, ikashuka ngazi, ikafika kwenye bomba la kunawia mikono. Jumatatu moja daktari mkuu, mwanamke mpole asiyependa kurudia neno, akamwita ofisini.

"Mzee wangu, watu wanaanguka kwenye foleni."

"Haraka haraka haina baraka, daktari."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Hapa ni zahanati, matumbo yanayouma tunayo ya kutosha."

Akamweleza bila kuzunguka. Ikifika Ijumaa saa sita mchana na foleni bado ni ile ile, dirisha atapewa mtu mwingine, na yeye atahamia stoo kuhesabu glavu na bandeji mpaka atakapostaafu, miaka miwili mbele. Karani alitoka pale, akaenda kuichungulia stoo. Stoo ile haikuwa na dirisha hata la kutolea moshi. Atamsalimia nani huko, maboksi?

Si kwamba mafundi hawakuitwa. Walishakuja watatu. Wa kwanza aliwinda virusi. Wa pili akaongeza memori. Wa tatu akaifungua mashine, akaipuliza vumbi, akatangaza kwamba imezeeka, huku akimtazama karani kana kwamba na yeye anamhesabu humo humo. Walipoondoka, kobe akabaki kobe.

Alikuwepo mtu mmoja ambaye hakuitwa: mpwa wake, binti wa dada yake, mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta karibu na soko. Karani alikuwa na sababu yake, tena ya kijinga. Yeye ndiye aliyemfundisha binti yule kufunga kamba za viatu, sasa aje afundishwe naye? Jumanne mkewe alichoka kumwona akizungusha chakula kwenye sahani.

"Bora ufundishwe na uliyemfuta makamasi," alimwambia, "kuliko kukaa stoo na panya. Piga simu."

Akapiga.

Jumatano, dirisha la kadi lilipofungwa saa nane mchana, mpwa akaingia na mkoba wake begani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Nikuletee chai?"

"Chai baadaye. Izime, halafu iwashe kama unavyoiwasha kila siku."

Alitoa simu yake, akaanza kupima muda. Tangu kubonyeza kitufe hadi orodha ya wagonjwa kufunguka, dakika kumi na moja. Hakufungua mashine wala hakufuta kitu. Alichomoa printa, akawasha upya, akapima. Kumi na moja. Akairudisha printa, akachomoa spika. Kumi na moja vile vile. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake: kutoa kitu kimoja, kupima, kukirudisha, kutoa kingine. Karani alipiga miayo kwa siri. Huyu ndiye fundi anayesifiwa soko zima?

Ndipo mpwa akainama chini ya meza. Nyuma kabisa, ukutani, alikuta kisanduku cheusi kimebandikwa kwa selotepu, na kebo yake imefungwa kwa uzi wa kushonea viatu, mafundo saba. Juu yake palikuwa na karatasi yenye maandishi mekundu: USIGUSE! KUMBUKUMBU ZA WAGONJWA.

"Nani kaandika hii?"

"Mimi," alijibu karani, akajivuna kidogo.

Akamsimulia. Miaka ya nyuma, kabla ya kompyuta, bomba lilipasuka darini, kadi zote zikalowa. Wiki tatu alizianika kwenye mabenchi moja moja, na bado alilazimika kuwaambia kina mama kwamba tarehe za chanjo za watoto wao zimefutika. Aibu ile hakuisahau. Kompyuta ilipoletwa, alijinunulia diski ya nje ili kila kitu kiwe na nakala. Siku moja fagio la mfagizi likaichomoa, naye akaleta uzi na selotepu.

"Tangu hapo haijatoka hata siku moja. Mwaka wa sita huu."

"Na wale mafundi watatu?"

"Waliisoma karatasi. Watu wastaarabu wale, hawakugusa."

Mpwa alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Mjomba, wamepima kila kitu isipokuwa ulichowakataza! Nipe mkasi."

"Hapana."

Alisema hivyo kwa sauti ambayo hata yeye ilimshtua. Alisimama kati ya mpwa wake na meza. Humo mlikuwa na watu wote aliowaandikisha, na waliozaliwa, na waliokwisha kufa.

Mpwa akaacha kucheka. Alimweleza polepole kwamba kuitoa si kuifuta, kwamba ataiaga kwanza kwenye kompyuta, ikubali kutoka, ndipo aichomoe. Karani akamkabidhi mkasi kama mtu anayetoa kidole kichomwe sindano, akageuza uso.

Mafundo yakakatwa. Mashine ikawashwa.

Dakika moja na nusu.

Karani alidhani simu imekosea. Mpwa akairudisha diski: kumi na moja. Akabadilisha kebo, akaihamishia tundu jingine, hali ikawa ile ile. Akakiweka kisanduku sikioni, akampa na mjomba wake asikilize. Ndani mlilia ti, ti, ti.

"Imechakaa," alisema. "Kila ukitaka kufungua kitu, kompyuta inaiuliza hii kwanza ina nini. Nayo inajikongoja, inatafuta, inashindwa, inaanza upya. Mwenzake hawezi kuendelea mpaka ijibu. Mashine yako nzima kabisa, mjomba, shida ni mgeni uliyemfunga kamba. Si unajua wanavyosema, kikulacho..."

"Usinimalizie," alisema karani, akaenda kuchemsha chai mwenyewe.

Hakukubali diski itolewe kabla ya kupata nakala mpya, kwa hiyo Alhamisi asubuhi foleni ilikuwa ile ile; mchana wakaanza kuhamisha kumbukumbu kwenye diski mpya. Ya kale ilitoa faili kwa manung'uniko. Moja, ya chanjo za mwaka wa kwanza, ilikataa mara tatu, na mara zote tatu karani alisimama na kukaa. Mara ya nne ilipokubali alipiga kelele mpaka mlinzi akaja na rungu. Kisha mpwa akampa sheria moja: achomeke diski wakati wa kufunga kazi, anakili, aitoe, aifungie kabatini. Mzee akaiandika kwenye kiganja kama mwanafunzi.

Ijumaa alifungua dirisha saa mbili kamili, ameapa moyoni kutotamka neno lisilo la kazi. Asipoteze hata nukta.

"Namba? Chumba cha tatu. Anayefuata."

"Namba? Maabara. Anayefuata."

Kompyuta ilijibu kabla hajaondoa kidole. Watu walifika dirishani wakiwa wamejiandaa kusimama, wakajikuta wameshapewa kadi. Baadhi yao walibaki pale sekunde moja mbili, wakimtazama, kisha wakaondoka. Saa nne na nusu hapakuwa na mtu kwenye ngazi. Daktari mkuu akaja mwenyewe kutazama.

"Foleni iko wapi?"

"Imekwisha, daktari."

"Kwa hiyo ilikuwa mashine."

Hapo angeweza kuitikia kwa kichwa, mambo yakaisha. Lakini alishawatazama watu wale usoni mwaka mzima, na uongo ulimkwama.

"Ilikuwa diski yangu. Niliifunga kwa mikono yangu, nikawakataza watu kuigusa. Wote waliosimama hapa, nimewasimamisha mimi."

Daktari akasogea karibu. "Ahsante kwa kusema. Lakini sikuja kwa ajili ya diski. Tangu asubuhi wagonjwa watano wameingia chumbani kwangu, na kabla hawajaniambia wanaumwa nini, wameniuliza kama umefiwa."

Siku zote karani alidhani watu wanayavumilia maneno yake kwa kuwa hawana pa kwenda. Aligeukia kabati, akajifanya anatafuta kadi, na machozi yakamtoka, ya furaha, mengi kuliko alivyotarajia.

"Dirisha ni lako," alisema daktari nyuma yake. "Ila ongea, mzee wangu. Kimya chako kinawatisha watu."

Alipogeuka, bibi mmoja alikuwa ameegemea dirisha, kadi mkononi.

"Mama, wewe si nilishakuhudumia saa mbili?"

"Ulinihudumia," alisema bibi, "na dawa nimeshapewa. Nimekaa hapa nasubiri uniulize habari za nyumbani."