Siku Niliyojifanya Sijui Kiingereza

Nichekeni kabisa sasa hivi mmalize, maana nikifika katikati sitaki kukatizwa. Mimi Deo, mwenye digrii ya ualimu na somo langu la kufundishia ni Kiingereza, kuna Jumamosi moja hapa Mwanza nilisimama mbele ya ukumbi uliojaa watu nikashindwa kutaja samaki kwa Kiingereza. Na nilishindwa kwa makusudi, jambo ambalo ni baya zaidi.

Chanzo ni mdogo wangu, Koku. Anafundisha chekechea, na ndoto yake ni kwenda kufundisha Kiingereza nje ya nchi, kwa hiyo alihitaji cheti cha kozi inayoaminika. Sasa kozi za namna hiyo zimejaa kwenye simu kama kumbikumbi baada ya mvua, na nyumbani kwetu kazi ya kutambua matapeli ni yangu (hakuna aliyenipa, nilijipa). Kozi ya kwanza niliikataa kwa haki kabisa: cheti kwa wikiendi moja, ajira ya uhakika, wala huhitaji kumwona mwanafunzi hata mmoja. Ya pili niliikataa kwa sababu picha ya mkurugenzi wao ilikuwa nzuri mno. Baadaye rafiki yake Koku akaisoma hiyo hiyo ya pili, na leo anafundisha Vietnam. Koku hakunilaumu, alisema tu, "Kaka Deo, wewe hata jua likichomoza unadai risiti."

Ikaja ya tatu. Hawa wanakufanyia usaili kabla ya kukupokea, unafundisha watu wazima halisi huku mkufunzi amekaa nyuma anakuangalia, na hawaahidi ajira. Nilisimamia mwenyewe maombi ya Koku, nikaweka namba yangu ya simu ili majibu yote yapitie kwangu, kisha nikawapigia kuuliza nani anakagua cheti chao. Wakanitajia, wakaniambia niwaulize hao wakaguzi wenyewe. Nikawauliza, wakathibitisha. Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo. Mimi nikajiambia kwamba majibu yaliyonyooka hivyo lazima yamefanyiwa mazoezi.

Nikaamua kuwategea. Hoja yangu ilikuwa safi kama ya darasani: tapeli humpokea kila mtu, basi nikiomba kama mtu asiyejua Kiingereza kabisa na wakanipokea, nimewakamata. Nikajiita Masanja, mkulima wa Sengerema. Kwa kuwa namba yangu walishaijua, nikaazima simu ya Koku bila kumwambia ya nini, na mkufunzi, Mwalimu Neema, alipopiga simu ya video kuniona, nikavaa kofia ya baba na kuongea kama mtu anayetafuna kokoto. Alinisikiliza kwa subira. Kisha akaniambia kwa Kiswahili cha upole kwamba kozi yao si ya kuanzia lugha, nisitoe hela yangu, ila Jumamosi wana siku ya wazi kwenye ukumbi wao Nyegezi, hapa mjini, nije, watanionyesha pa kujifunza.

Mtego ulikuwa umenijibu. Walikuwa waaminifu. Ningefuta namba, nikanyamaza, na leo msingekuwa na cha kucheka.

Lakini Jumamosi hiyo hiyo ndiyo Koku alikuwa na usaili, na mimi siwezi kumwacha mtu aende kwenye usaili bila kuukagua ukumbi. Nikaenda bila kofia, nikiamini nimebadilika. Mlangoni Koku akatangulia kutafuta viti, na mama mmoja wa umri wa mama yangu, Mwalimu Neema mwenyewe, akanishika mkono.

"Masanja. Umevuka ziwa salama?"

Ningesema, samahani mwalimu, umenifananisha. Neno moja tu. Badala yake mdomo wangu ukasema, "Shikamoo mwalimu. Nimevuka salama."

"Marahaba, baba. Nimefurahi umekuja."

Nikaenda kukaa nyuma kabisa. Mwalimu Neema akaanza kueleza kozi, kisha akasema maelezo hayatoshi, mtu asiamini kozi kwa maneno, aone mwenyewe jinsi wanavyofundisha. Anahitaji mwanafunzi wa kuanza sifuri. Macho yake yakanifuata mpaka pale nyuma nilipojikunja. "Masanja, njoo utusaidie."

Nilitembea kwenda mbele. Nilipopita safu ya Koku alikuwa anageuka kumtafuta huyo Masanja ni nani.

Mwalimu akatoa kwenye kapu kikombe, kitunguu na samaki, sato mzima aliyefungwa kwenye gazeti. Hakutamka neno moja la Kiswahili. Alimwinua yule sato, akataja jina lake kwa Kiingereza, mara moja, akanyamaza, akaningoja. Nikang'ata ulimi, nikatoa sauti fulani ya ajabu, ukumbi ukapiga makofi ya kunitia moyo. Akaningoja tena. Nami, nikiwa pale naigiza ujinga, nikaona kitu ambacho sijawahi kukifanya katika mazoezi yangu yote ya ualimu: mimi nikiuliza swali najijibu mwenyewe, yule mama alinyamaza kama mtu mwenye hakika kwamba nitasema. Nikasema. Makofi yakaongezeka. Koku peke yake hakupiga.

Kijana mmoja akasimama, akajitaja kuwa ni Shija, mwalimu wa sekondari Sengerema, uso wote furaha ya kumwona wa nyumbani. "Mwangaluka," akanisalimia. Nikaitikia mwangaluka, kila mtu wa Mwanza anaijua. Akaendelea na Kisukuma kirefu. Nikajibu "mhola", yaani salama, na hapo akiba yangu ya Kisukuma ikaisha.

"Sengerema wewe wa upande gani? Mtoto wa nani?"

"Kule mbele," nikasema.

"Mbele ya wapi?"

Mwalimu Neema akaniokoa, au alidhani ananiokoa. Akasema nisisumbuliwe, nina haya, na kwamba anataka kunitumia majina ya walimu wa kuanza nao, ngoja apige aone kama namba yangu inapatikana. Akapiga. Simu ikaita safu ya tatu, kwenye mkoba wa Koku.

Koku akaipokea. "Haloo?" Sauti yake ikatokea pande mbili za ukumbi, kwake na kwenye spika ya simu ya mwalimu.

"Binti, namba hii ni yako?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na Masanja anapatikana kwenye namba yako kwa nini?"

Koku akanitazama mimi, akatazama chini. Shija ndiye aliyejibu, na furaha yote ilikuwa imemtoka. "Huyo dalali, mwalimu. Ndio hawa. Wanakuja vijijini kuwaombea watu kozi, wanawala hela. Ndugu yangu, alikutoza kiasi gani? Sema, usiogope."

"Dalali hatumpokei kwenye kozi," akasema Mwalimu Neema polepole. "Binti, kama una maelezo nayasikiliza sasa."

Koku akakata simu, akairudisha mkobani. Watu walikuwa wameanza kumgeukia, na mama aliyekaa karibu naye akavuta mkoba wake upande wa pili.

Nikafungua mdomo na Kiingereza kikatoka. Kile cha chuo kikuu, sentensi ndefu yenye mikato minne, kwamba mimi ndiye kaka yake, hajui lolote, simu niliiazima, Masanja hayupo duniani, nilitaka kuwapima.

"Kiingereza chote hicho, kumbe Mhaya," akasema Shija. "Nikasema Msukuma gani huyu nyumbani kwao ni mbele." Watu wakacheka mpaka wengine wakashika viti, na sikuwalaumu.

Mwalimu Neema hakucheka. "Ulitaka kujua kama tunampokea kila mtu."

"Ndiyo, mwalimu."

"Hatumpokei. Kakae nje, mdogo wako afanye usaili wake."

Nilikaa nje kwenye ngazi muda mrefu, nikiwasalimia watu waliokuwa wanatoka wakiniita Masanja. Koku alipotoka alikuwa amekubaliwa. Tulipokuwa tunaelekea barabarani nikamwuliza kwa nini hakusema ukweli pale pale.

"Ungeaibika," akasema. "Ungechelewa kidogo ningekubali tu kwamba mimi ni dalali."

Koku sasa yuko kwenye kozi, jioni anarudi amechoka na ana furaha. Mimi bado nauliza maswali, sidhani nitaacha, lakini nimeapa: swali langu nitalipeleka mwenyewe, kwa jina langu na simu yangu, na nikijibiwa vizuri nitasema asante nirudi nyumbani.