Nanzala, Mama Yake Kukhu

Juzi binti yangu alinipigia simu kutoka mjini. Amejifungua msichana na anatafuta jina. Nikamwambia, muite Nanzala. Akacheka! "Mama, jamani, mtoto aitwe njaa?" Nikakata simu. Hasira niliyopata, ndugu yangu, hata chai ilinishinda.

Hebu nikueleze. Kwetu Khwisero msichana aliyezaliwa wakati wa inzala, yaani njaa, aliitwa Nanzala. Mama yake kukhu, yaani mama wa bibi yangu mzaa baba, alizaliwa mwaka ambao watu walichimba mizizi ya migomba wakaichemsha. Kaka zake wawili hawakuiona mvua iliyofuata. Yeye aliiona. Kukhu alikuwa akisema, "Njaa ilikuja, ikaenda, ikamwacha." Sasa laana iko wapi hapo?

Mimi nilizaliwa mavuno yakiwa tele, ila nililia siku tatu bila kunyonya. Wazee wakaitaja mizimu ya ukoo jina baada ya jina, wajue ni yupi anayetaka nimrithi jina, mpaka kukhu akataja la mama yake. Nikanyamaza, nikanyonya. Basi tangu hapo kukhu akaniita mama. "Nanzala, mama, njoo uonje mboga hii ya murere." Mtoto mdogo mimi, naitwa mama na mwanamke mwenye mvi! Nilijiona mkubwa kuliko chifu.

Kisha bendera ya uhuru ikapandishwa. Mwalimu wetu, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, akafungua daftari la majina. "Nanzala? Njaa? Uhuru imekuja, hapa hakuna mtu ya kuitwa njaa! Wewe ni Rozi." Darasa zima likaangua kicheko. Mjinga yule! Na haukupita muda mrefu, uhuru ukiwa huo huo, tukapanga foleni kupewa mahindi ya manjano ya msaada, mwalimu naye na gunia lake kwapani. Mbona hakuikataza njaa isije?

Lakini siku ile nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Kukhu alikuwa akisaga wimbi kwenye jiwe, harufu ya unga imejaa jikoni. "Nanzala, mama, niletee ungo."

"Mimi naitwa Rozi," nikasema. "Nanzala ni jina la washamba."

Jiwe likanyamaza. Hakunipiga, na heri angenipiga. Akainuka, akauchukua ungo mwenyewe. Kesho yake akajaribu, "Lozi," nami nikamcheka ulimi. Kuanzia hapo hadi tulipomzika, nilikuwa "wewe mtoto." Hakuniita "mama" tena.

Leo jiwe lile halipo, na hao waliojua kumtajia mtoto majina mpaka anyamaze wamekwisha. Jana binti yangu alipiga tena, ati kwa nini nimenuna kwa sababu ya jina tu. Jina tu! Miaka yote hii nimemtukana mwalimu yule, na bado namtukana. Lakini yeye alimfuta Nanzala daftarini. Aliyemnyang'anya kukhu mama yake ni mimi.