Maisha ya Sista Subiri, Aliyesomesha Katika Chumba cha Kufulia

Alizaliwa mwaka 1939, mtoto wa nne wa mchoraji wa mabango ya maduka na mke wake mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili iliyonuka rangi mchana kutwa. Kabla hajapelekwa shule alikuwa akimshikia baba yake kopo la rangi, akitazama maneno makubwa yakitokea ukutani, na hivyo akaweza kusoma KINYOZI na DUKA LA DAWA kabla hajajua kutaja herufi hata moja. Lakini ulimi wake haukufuata macho yake. Alikuwa na kigugumizi kikali. Mwalimu alipomuuliza swali, jibu alikuwa nalo, ila lilikwama kooni, na kabla hajalitoa mwenzake alikwisha kulisema. Dada zake walimpenda, na kwa kumpenda huko wakazoea kumsemea. Baba yake peke yake ndiye aliyekuwa akiweka brashi chini na kumtazama hadi binti amalize mwenyewe. "Sema tu, mwanangu," alimwambia. "Hatukimbizwi na mtu."

Alipofika umri wa miaka ishirini alieleza nia yake ya kuingia utawani. Mama yake alishtuka, kwa kuwa shirika alilolitaka lilikuwa la watawa walimu. "Utafundisha vipi, na Baba Yetu tu inakushinda nusu ya njia?" alimuuliza. Binti akajibu, "M-Mungu hana haraka, mama." Mama akacheka, akamfungia nguo zake. Katika unovisi, miaka ya malezi kabla ya nadhiri, aliwazidi wenzake kwa bidii, na jina la Subiri alilipata hapo hapo, kwanza kwa utani. Ilikuwa ikifika zamu yake ya kuombea chakula, masista walinong'onezana kwamba leo uji utanywewa baridi. Aliweka nadhiri zake mwaka 1963. Siku iliyofuata mlezi wa manovisi alimweleza kwa upole kwamba hangeweza kusimama mbele ya darasa, na kwamba angetumwa kwenye chumba cha kufulia. Alikuwa ameomba ualimu tangu utotoni. Alilia juu ya beseni asubuhi ile ya kwanza, kisha akajifunga aproni.

Chumba kile kilikuwa nyuma ya konventi, nyumba ya watawa, chenye sakafu ya saruji, mabirika matatu ya kufulia, meza ndefu ya kupigia pasi na kabati refu la rafu. Shuka, taulo na vitambaa vya nyumba nzima vilipita hapo, na kwa vile vilikuwa vikichanganyika, Sista Subiri alidarizi neno kwenye pindo la kila kimoja kwa uzi mwekundu: ALTARE, JIKO, ZAHANATI, WAGENI. Miaka kumi na moja alifua na kupiga pasi, na hakuna aliyemsikia akinung'unika, ingawa kengele ya shule ilipolia alikuwa akisimama kidogo na pasi mkononi.

Mwaka 1974 aliajiriwa dobi mmoja, mama mjane, aliyekuja kazini na binti yake wa miaka minane kwa sababu hakuwa na wa kumwachia. Binti huyo aliitwa Kitinda, maana ndiye aliyefunga tumbo la mama yake, na alizaliwa na hali iitwayo sindromu ya Down, ambayo huonekana usoni na huchelewesha usemi na kujifunza. Maneno yake yalikuwa machache na yasiyoeleweka na wageni. Shule mbili zilimkataa mlangoni kwa kumtazama uso tu. Alipewa ndoo iliyopinduliwa akaikalia, na kazi ya kukunja taulo. Baada ya miezi michache Sista Subiri aligundua kwamba vitambaa vilikuwa vikifika kwenye rafu zake bila kosa, hata siku ambazo yeye hakuvigusa.

"Nani amepanga hivi?" alimuuliza dobi.

"Si mimi, Sista. Ni huyu. Nadhani anajua kwa rangi."

Sista alichukua vitambaa vinne vyeupe vinavyofanana, akadarizi maneno yale manne upya, akavichanganya. Kitinda alivitazama pindo kwa pindo, akavipeleka kila kimoja mahali pake. Kisha Sista akamletea kitambaa kilichoandikwa neno jipya, MAMA, na kumwonyesha maana yake. Kesho yake mtoto alikichomoa katika rundo zima, akaenda kumwekea mama yake begani. "Si rangi," Sista alisema. "A-anasoma." Dobi aliketi chini sakafuni penye maji.

Tangu siku hiyo mtumishi huyu wa Mungu alijifunga kibwebwe. Alikata makasha ya sabuni yakawa kadi, akaandika kwa mkono alioufunza baba yake, kwa herufi nene, neno moja katika kila kadi: majina ya watu wa nyumbani kwa mtoto, kikombe chake, kiatu chake. Aliona kwamba watoto wengi wenye hali kama ya Kitinda hushika wanachokiona haraka kuliko wanachokisikia, na kwamba neno lililotazamwa mara nyingi huwa ngazi ya neno la kutamkwa. Njia yake ilikuwa na hatua tatu. Kwanza mtoto alinganishe kadi na kadi inayofanana nayo, kisha achague ile anayotajiwa, mwisho aitaje mwenyewe, kwa sauti au kwa ishara ya mkono. Mtoto akikosea hakukemewa. Alionyeshwa lililo sahihi, akarudia. Somo lilikuwa fupi, likaisha mtoto akiwa bado analitaka. Na hakumwanzisha yeyote kabla ya kumpeleka zahanati. "Ma-masikio kwanza, kisha macho, ndipo kitabu," alikuwa akisema, kwani alikwisha kuona mtoto anaitwa mzito kumbe hasikii vizuri.

Habari zilienea, na wazazi wakaanza kuleta watoto ambao majirani hawakujua kama wapo. Hapo ndipo majaribu yalipomjia. Siku moja, katika msongamano ule, mtoto aliegemea pasi ya moto akaungua kiganja. Sista Subiri alimbeba mwenyewe hadi zahanati, akaenda kupiga magoti mbele ya Mama Mkuu wa konventi na kusema kosa ni lake. Mama Mkuu, aliyekuwa mtu wa haki, alilifunga darasa. "Chumba cha pasi si mahali pa watoto," alisema, "na wewe unalijua hilo." Sista alitii. Hakuteta wala hakutafuta wa kumtetea. Aliomba jambo moja tu, ruhusa ya kuwatembelea watoto majumbani kwao Jumapili alasiri, katika saa zake za mapumziko, na akapewa.

Katika nyumba moja waliishi fundi viatu na mkewe, na mtoto wao wa kiume ambaye alikuwa hatolewi nje. Baba alimkuta Sista mlangoni, akasimama katikati ya mlango. "Sista, daktari ameniambia mwanangu hatajua kitu. Nimelia mara moja, nimemaliza. Usije ukaniliza tena."

"Si-sikuja kukuliza. Nimekuja kumsalimu."

Mlango ulifungwa. Sista akainama, akapenyeza kadi chini yake, yenye neno BABA. Jumapili iliyofuata ulifungwa tena, akapenyeza nyingine. Aliendelea hivyo msimu mzima, mvua na jua, na masista wenzake wakamwambia anapoteza karatasi. Hakujua kwamba ndani mama alikuwa akizichukua na kucheza nazo na mtoto wakati mumewe yuko kazini. Siku moja fundi akiwa amekaa anashona soli, mtoto alimjia, akamwekea kadi gotini, akagusa neno, kisha akamgusa baba yake kifuani. Jumapili hiyo Sista Subiri alipokunja kona alimkuta fundi amekaa kizingitini, mlango wazi nyuma yake. "Leo umechelewa," alimwambia.

Alichobakiza kilikuwa shule. Alikwenda na Kitinda kwa mwalimu mkuu, mtu mkali lakini asiye na hila. Mwalimu mkuu alimpa binti kitabu asome, naye akasoma, lakini kwa matamshi ambayo mwalimu hakuyafahamu. "Sista, sisikii neno," alisema. "Nitampokeaje mtoto nisiyemwelewa?" Sista akajibu, "Mw-mwelewe basi kwa njia nyingine." Mwalimu alifikiri sana, halafu akachukua chaki. Aliandika ubaoni: Fungua dirisha. Kitinda alisoma kimya, akaenda kulifungua. Akaandika: Niletee kitabu chekundu. Akaletewa. Kisha, labda kwa kutaka kumjaribu kwa jambo asilolitegemea, akaandika: Kaa kwenye kiti changu. Binti alimtazama usoni kuhakikisha, akazunguka meza, akaketi, akaweka mikono juu ya meza kama mwenye ofisi. Alipoombwa kuinuka akakataa, akaonyesha ubao, kwa sababu hakuna aliyeandika neno la kumwinua. Mwalimu mkuu alicheka hadi akatoa leso. Muhula uliofuata alimpokea pamoja na mwana wa fundi, na Mama Mkuu, aliposikia, akampa Sista Subiri chumba kilichokuwa ghala la vitanda. Hapo alifundisha kwa miaka ishirini na tisa, kwa kigugumizi chake kile kile, wala hakuna mtoto aliyelalamika kwamba mwalimu anachelewa.

Watoto walipokua, walimu wa shule nyingine walikuja kukaa kwenye benchi na kutazama. Kwa ajili ya wazazi wa mbali alishona mafuko ya kitambaa, kila fuko na kadi zake, kitabu kidogo chenye picha za familia yenyewe na maelezo mepesi ya kumfundishia mtoto nyumbani. Mafuko hayo yaliazimwa bure na kurudishwa yakiwa yamechakaa, naye alifurahia uchakavu wao. Mwaka 2008 mapafu yake yaliugua. Watoto walipokezana kumsomea, na novisi aliyemuuguza alipomtamkia mmoja wao neno lililomshinda, Sista alimshika mkono. "Usimmalizie," alisema. "Ni lake." Hayo yalikuwa karibu maneno yake ya mwisho. Alifariki Februari 2009, asubuhi, dirisha likiwa wazi kama alivyoomba.

Katika maziko yake lilitokea jambo ambalo waamini bado wanalisimulia. Mwana wa fundi viatu, sasa mtu mzima, alikuwa akisoma vizuri, lakini sauti yake haikuwahi kusikika nje ya nyumba yao. Aliinuka bila kuitwa, akaenda mbele, akachukua karatasi ya maombi. Alisimama, akafungua kinywa, neno likakawia. Padri alitaka kumsaidia. Kitinda, aliyekuwa karibu, akamwashiria padri aache. Kanisa zima likamngoja. Kanisa Takatifu halijatamka lolote juu ya siku ile, na walioshuhudia hawakubaliani. Wengine wanasema alisoma ombi lote. Mama yake anasema, "Mimi nilisikia neno moja, Tuombe. Lilinitosha." Watu wakapiga magoti.

Kitinda ndiye anayesimamia chumba cha kufulia leo, na Jumamosi huwafundisha wazazi wapya kukata kadi. Ndugu waamini, utakatifu wa Sista Subiri haukuwa wa mbali nasi. Kama nyumbani kwako, au kwa jirani yako, yumo mtoto wa namna hii, usimfiche wala usimhurumie kwa mbali. Mpeleke apimwe masikio na macho. Tafuta kipande cha kasha, uandike kwa herufi kubwa jina la kitu anachokipenda, umwonyeshe leo, na kesho, na kesho kutwa. Akifungua kinywa na neno likakawia, wewe funga chako, umtazame, umwachie nafasi. Usiondoke.