Yule Mtu wa Kofia Aliyerudi Kila Mwaka

Ninyi vijana mtakaoyasoma haya, najua mtanicheka. Mnatoka kuangalia picha, mnaniambia, "Bibi, hii ni sehemu ya nne." Nawauliza sehemu ya nne ya nini, mnasema ya mtu yule yule, ila adui zake ni wengine. Na ya tano mmeshaanza kuingoja, hata haijatengenezwa. Kaeni chini basi. Darasa la pili sikulimaliza, lakini jambo hili la mtu yule yule kuletwa tena na tena nililitilia shaka kabla mama zenu hawajazaliwa, na nusura litulaze njaa.

Wakati wa Mwingereza, gari la sinema la Serikali lilikuwa likifika Kagoma kila mwaka, baada ya mavuno ya kahawa. Walitundika shuka jeupe kati ya nguzo mbili, na giza likiingia watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye migomba ya jirani. Picha hazikuwa na sauti. Mfasiri alisimama kando na kipaza sauti, akatuambia kwa Kihaya nani anasema nini.

Mwaka wa kwanza tulimwona mwanamume mwenye kofia iliyobonyea upande mmoja. Alianika kahawa yake kwenye udongo mtupu, mbuzi wakaikanyaga, mvua ikaizoa, naye akabaki anakimbizana na mbuzi huku kofia ikimfunika macho. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mwisho akaelekezwa, akajenga chanja, akasifiwa. Mwaka wa pili, kofia ile ilipochungulia tu pembeni mwa shuka, uwanja mzima ulipiga kelele, "Amekuja! Amekuja!" Wanawake walimsalimu kwa sauti kama jamaa aliyerudi kutoka safari. Mara hii alikuwa hajui kuchimba choo.

Hapo ndipo nilipoanza kumtazama vibaya. Njiani nilimuuliza mume wangu, kwa neno letu la heshima, "Waitu, mtu huyu mwaka jana hakuerevuka?"

"Alierevuka."

"Sasa ujinga ameutoa wapi tena?"

"Wewe mwanamke una maneno! Angebaki mwerevu, leo tungecheka nini?"

Na mkewe je? Wa mwaka wa kwanza alikuwa mfupi, mnene. Wa mwaka wa pili alikuwa mrefu, shingo kama ya korongo. Hakuna aliyetuambia yule wa kwanza alirudishwa kwao kwa kosa gani. Niliuliza kisimani, wenzangu wakaniambia ninaharibu utamu.

Siwaongopei, nami nilikuwa nikimngoja. Mwaka uliofuata gari lilikuja bila yeye. Likaonyesha daraja linajengwa na askari wanapiga kwata, watu wakaanza kuondoka kabla ya nusu. Nilirudi nyumbani nimenuna, kana kwamba nimempikia mgeni asifike. Kisha nikajiuliza: mtu huyu amenipa nini mpaka nimkose? Hajanisaidia hata kubeba mtungi. Anayeweza kunifanya nimkose bila kunipa kitu, huyo ana kazi anayoifanya kwangu, na kazi yenyewe siijui.

Mwaka wa nne alirudi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Katika picha hiyo mkewe, na huyu alikuwa wa tatu, alimletea sahani ya samaki. Mtu wa kofia akaitazama, akaisukuma mbali kwa mkono. Basi. Watu wa ukoo wa mume wangu hawali kamongo, yule samaki wa matopeni. Ni mwiko wao tangu mababu. Mume wangu akaruka kutoka chini alipokaa.

"Mmeona? Kamongo! Amekataa kamongo! Huyu ni wetu!"

Ndugu zake wakamdaka mikononi, nao wakishangilia. Samaki alikuwa amezama kwenye mchuzi, na picha yenyewe nyeusi na nyeupe, kamongo walimjuaje? Lakini neno lilikwisha kutoka. Kesho yake nyumba nzima ilikuwa ikimtafutia mtu wa kofia mahali pake katika ukoo. Mmoja alisema ni mjukuu wa yule babu aliyehamia Karagwe. Mwingine alisema hata pua inafanana. Kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, wakawa wanamwaga kidogo chini, "na cha ndugu yetu wa sinema." Nilikuwa ninahudumia, na moyoni nilisema: Mungu atunusuru na ndugu asiyekuja kuzika.

Mwaka wa tano ndugu akaja na fukusi, yule mdudu anayetoboa mashina ya migomba. Mtu wa kofia aliona migomba yake inaanguka, akalia, akaelekezwa. Mfasiri wetu akapaza sauti: "Nang'oa yote! Ndugu zangu, ng'oeni yote, mpande upya!" Tukamwona anang'oa, anakatakata, anapanda. Mara amesimama kati ya mikungu mikubwa, anacheka.

Kati ya kung'oa na kucheka hapakupita hata muda wa kumenya ndizi moja. Kwangu ungepita mwaka na zaidi. Nilikuwa na watoto watano, na kibanja chetu, shamba lile linalozunguka nyumba, ndilo lililokuwa chungu chetu. Migomba ya nyuma ya nyumba ilipandwa na mama mkwe wangu, nayo ndiyo iliyokuwa ikizaa kuliko yote.

"Tutaanzia nyuma ya nyumba," mume wangu alisema.

"Umemwona fukusi huko?"

"Ndugu yetu amemwona kwake."

"Kwake wapi, waitu?"

"Mama watoto, mtu wa damu yangu amelia mbele ya watu wote. Unataka alie mara ngapi?"

Wiki hiyo dada yangu alijifungua mjini. Aliolewa na Mwislamu wa mtaa wa Bilele, na zamu ya kumkanda kwa maji ya moto ilikuwa yangu. Nilimsihi mume wangu asiguse mgomba mpaka nirudi. Yeye akaendelea kunoa panga. Nilikwenda Bukoba nimejikunja juu ya magunia ya kahawa kwenye lori, roho iko nyumbani.

Siku ya tatu gari la sinema likafika Bilele. Mfasiri wa huko alisema kwa Kiswahili. Kwanza waliweka picha ya zamani, ile ya samaki, maana watu wa mjini nao walikuwa wakimwita mtu wa kofia kwa makelele. Mke akaleta sahani. Mtu wa kofia akaisukuma. Mfasiri akasema, "Mke wangu, samaki wa juzi huyu! Ananuka mpaka Nyanga!"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Mimi nilisimama kama niliyemwagiwa maji ya baridi.

Asubuhi nilimkuta mfasiri akinywa chai barazani kwa Mhindi mmoja mwenye duka la nguo. Sikuketi.

"Mwanangu, yule wa kofia alikataa samaki kwa nini?"

Akacheka. "Mama, nitajuaje? Picha haina sauti. Napewa karatasi. Pale karatasi inaponyamaza, natia langu watu wafurahi."

"Yeye ni Mhaya wa wapi?"

"Mhaya! Huyo hata Ziwa hajaliona. Amepigwa picha mbali huko, nchi kavu."

"Na kwa nini kila mwaka ni yeye?"

Hapo Mhindi aliinua macho kutoka kwenye kitambaa alichokuwa akipima. "Mama, mimi nauza kanga. Nikileta ua jipya, mteja anauliza, anashika, anavuta, anarudi kwake kufikiri. Nikileta ua analolijua, anachukua bila hata kulikunjua. Serikali nayo ni mwenye duka. Mtu mmekwisha kumpenda. Ya nini waanze na mgeni?"

Kanga zake sikuzitazama tena. Nilimgeukia mfasiri. "Na kuhusu fukusi, karatasi inasema nini?"

Akaitoa mfukoni, akaisoma kwa kidole. "Ng'oa shina lililotobolewa."

"Haisemi yote?"

"Haisemi yote. Wa kwenu ametia lake."

Nilimwachia jirani kazi ya maji ya dada, nikapanda lori la kwanza la kwenda Muleba, upande wa kwetu Kagoma. Karatasi yenyewe sikuiamini pia, msidhani. Lakini nilikuwa nimejua kwamba maneno yaliyotaka kuifyeka migomba yangu hayakutoka katika kinywa tulichokipenda. Yalitoka kwa mtu wa kando, ambaye hakuna aliyemtazama.

Nilifika migomba saba imelala chini, mikungu mingine bado haijakomaa. Mume wangu alikuwa na panga mkononi, jasho linamtoka.

"Si kamongo," nilimwambia. "Kule Bilele alikataa samaki aliyeoza. Na hajaliona hata Ziwa."

"Ameapa nani?"

"Mwenye kipaza sauti. Wanampachika maneno, waitu. Kila mji na yake."

Aliketi juu ya mgomba alioukata. Sikumcheka, kwa sababu nilikumbuka mwaka ule niliorudi nyumbani nimenuna. Nilichukua panga, nikapasua mashina yale saba moja baada ya jingine mbele ya ndugu zake waliokuja kusaidia. Sita yalikuwa meupe, safi kabisa. La saba lilikuwa na matundu, na fukusi weusi wakatambaa nje. Kwa hiyo mdudu alikuwepo, na hilo lilinikera zaidi, maana uongo mtupu ni rahisi kuutupa.

Watoto walikuwa wamesimama mlangoni. Niliwaita wote, na shemeji zangu, na mume wangu hapo alipokaa, nikasema: "Lile moja lichomeni leo hii. Ndizi za haya sita menyeni, tuzile zilivyo. Na kuanzia sasa, katika kibanja hiki hang'oi mtu shina ambalo sisi wenyewe hatujalipasua pembeni tukamwona mdudu kwa macho yetu. Haya, leteni vikapu."